Kuteremsha Paneli

Mvua ya kwanza ya Machi, mwaka wa elfu mbili na sita, iliwakuta Gerishon Mbuthia na mkewe Wangu mezani, Jumapili mchana, wametoka kanisani. Walipoisikia ikidondoka ndani ya chumba cha kulala waliacha chakula wakakimbia. Kufikia wakati walipofaulu kuvuta kitanda hadi upande wa dirisha, nusu ya godoro ilikuwa imelowa. Dari ilikuwa imefura na kushuka katikati, na maji yalipita pale pale yalipopita mwaka uliotangulia, na mwaka wa kabla ya huo.

Juu ya sehemu hiyo ya paa kulikuwa na paneli mbili za sola za kuchemshia maji na tangi la lita mia mbili. Zilikuwa zimekaa pale tangu mwaka wa tisini na moja, na kwa miaka kumi sasa hazikuwa zimetoa hata kikombe kimoja cha maji moto. Kutu ilikuwa imekula vyuma vilivyozishikilia, na kila tundu la skrubu lilikuwa limegeuka mlango wa maji.

"Baba Kui, hizo vitu zitatuangukia," Wangu alisema, akikamua shuka.

"Hazianguki. Zilifungwa na mainjinia."

"Mainjinia wa miaka kumi na tano iliyopita. Tuite fundi azitoe."

"Tutaongea," Gerishon alisema, akarudi kwenye chakula chake.

Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kukataa. Alikuwa na miaka sitini na saba, karani mstaafu na mzee wa kanisa, mtu anayezungumza kama anayesoma kumbukumbu za mkutano. Habari ya paneli hakutaka iguswe, na mtaa wote wa Waithaka ulijua sababu. Yeye ndiye aliyekuwa ajenti wa Jotosafi, kampuni iliyoziuza. Aliuzia watu tisa hapo mtaani. Baadhi ya mitambo ilifanya kazi mwezi mmoja, mingine haikufika hata hapo, kisha kampuni ikafunga ofisi yake mjini na simu ikawa haishikwi. Hakuna aliyempeleka Gerishon kortini. Waliacha tu kumwita awe mwenyekiti wa harambee. Njuguna, dereva mstaafu aliyeishi geti la tatu kutoka kwao, aliacha kumsalimia. Naye Wangeci, rafiki ya Wangu tangu walipokuwa wasichana katika darasa la ubatizo, alihama kutoka benchi la pili la akina mama akaenda kuketi nyuma karibu na mlango.

Kwa wote hao Gerishon alikuwa na jibu moja: "Yangu ilifanya kazi miaka mitano. Muulizeni Mama Kui." Na Wangu alipoulizwa alisema ndiyo, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Alifungua mfereji, maji yakatoka moto. Ikiwa za wengine ziliharibika, basi huenda hawakuzitunza.

*

Jumatano Gerishon aliamka mapema, akavaa koti, akaenda mjini kuchukua miwani mpya. Wangu alingoja hadi alipopinda kona, kisha akampigia simu binti yao Kui, aliyekuwa akikaa Woodley na kufanya kazi katika ofisi ya bima.

"Mwambie fundi wako aje. Baba yako ametoka."

"Mum, una uhakika?"

"Nina uhakika na godoro langu."

Saa nne fundi Shem Wesonga alifika kutoka Kawangware, akiwa na ngazi, kamba, spana mbili na binamu ya mkewe aliyeitwa Were. Alikuwa mtu wa Bungoma, mpole, asiyependa kusema bei kabla ya kuona kazi. Alipanda, akazunguka juu ya mabati kwa uangalifu, akagonga hapa na pale. Halafu akapiga magoti akachungulia chini ya tangi kwa muda mrefu hata Wangu akadhani ameona nyoka.

"Mama," Shem aliita kutoka juu. "Hii kitu ilikuwa inachemsha maji kweli?"

"Miaka mitano."

"Na nini?"

"Na jua! Na nini tena?"

Shem alimwita Were apande. Walifunga tangi kwa kamba, wakaliteremsha polepole likikwaruza ukuta, kisha paneli, moja baada ya nyingine. Vyote vilipokuwa vimelala kwenye nyasi, Shem alijifuta mikono kwa suruali na kuchutama kando ya tangi.

"Sitaki kuleta maneno kwa nyumba ya watu," alisema. "Lakini kesho usije ukasema Wesonga ndiye aliharibu. Angalia hapa. Hapa ndipo maji inatoka kwa tangi iende kwa paneli. Hapa ndipo inarudi ikiwa moto. Zote mbili zimezibwa."

Wangu aliinama. Matundu mawili yalikuwa yamefungwa kwa vifuniko vya shaba, na rangi iliyopakwa juu ya vifuniko ilikuwa ile ile ya tangi, ya zamani ile ile.

"Labda zilizibwa zilipoharibika."

Shem alitikisa kichwa. Alichukua kipande cha bomba kilichotoka kwenye paneli, akakikata kwa msumeno, akampa. Ndani kilikuwa kinang'aa kama sarafu mpya. "Maji ya hapa kwenu ina chumvi. Ingepita hapa hata mwezi mmoja, ingeacha alama. Hii haijawahi pitisha maji ya kutosha kuosha kikombe."

"Na yale maji yalichemshwa na nini?"

Were alinyoosha kidole kuelekea waya mweupe uliotoka chini ya tangi. Ulikuwa umekatwa sasa, lakini kipande kilichobaki kilionekana kikiingia chini ya mabati, kikishuka kwenye pembe ya ukuta na kupotelea ndani ya stoo ambamo Gerishon aliweka vitu vyake vya kazi.

"Kuna koili ya umeme ndani," Shem alisema. "Kama ile ya birika, lakini kubwa."

Wangu alichukua ufunguo wa stoo kutoka mfuko wa koti kuukuu la mumewe. Nyuma ya rafu, nyuma ya makaratasi ya Jotosafi yenye picha ya jua linalocheka, palikuwa na swichi. Aliibonyeza chini, akaipandisha juu, akaibonyeza tena. Kisha akatoka akawapa wale wanaume chai na mkate, akawalipa, na kuwaambia waache kila kitu pale pale kwenye nyasi, mbele ya mlango.

*

Gerishon alirudi saa kumi. Alisimama getini na miwani yake mpya, akaona tangi, akaona paneli, akaona kifuniko cha shaba kimewekwa peke yake juu ya kiti cha plastiki. Wangu alikuwa ameketi kwenye kiti cha pili.

"Nani alitoa ruhusa?"

"Keti, Baba Kui."

"Nimeuliza nani—"

"Keti."

Hakukuwa na pa kuketi isipokuwa juu ya tangi. Aliketi hapo na koti lake la mjini.

"Paneli moja ilipasuka ndani siku ile ile walipofungulia maji," alisema, akitazama viatu. "Maji yakavuja. Nikaenda ofisini kwao, wakasema watanibadilishia, ningoje wiki mbili. Lakini wageni walikuwa tayari wamealikwa Jumamosi. Nikamwambia fundi wao azibe, tutumie koili kwa hizo wiki mbili tu."

"Wageni gani?"

"Unawajua."

"Nataka kusikia."

"Wa chama chako. Akina mama wa kanisa."

Wangu aliangalia mikono yake. "Nilimshika Wangeci mkono, Gerishon." Katika miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumwita kwa jina lake peke yake hivyo. "Nilimshika mkono nikauweka chini ya mfereji. Akaruka kwa sababu yalikuwa moto sana. Tukacheka. Jumatatu akauza mtamba wake anunue sola."

"Nilidhani zao zitafanya kazi."

"Ulidhani ama ulijua?"

"Nilidhani. Wa kwanza, nilidhani. Wa mwisho..." Alivua miwani. "Wa mwisho niliomba Mungu tu."

"Na miaka yote hii ukiwaambia waniulize mimi."

Gerishon alifuta miwani kwa pindo la koti.

"Nani mwingine alijua? Hiyo swichi haikuwa ikijiwasha ukiwa kazini."

Aliivaa tena miwani, na aliposema sauti yake haikuwa tena ya kusoma kumbukumbu.

"Kui alikuwa mtoto," alisema. "Usimlaumu."

*

Siku iliyofuata Wangu alienda mjini. Ofisi ya Kui ilikuwa ghorofa ya nne, si mbali na bustani ya Jeevanjee. Askari wa mlangoni alimtaka aache kitambulisho, akamwuliza mara mbili anaenda kwa nani, na alipofika juu msichana wa mapokezi alimwonyesha benchi la watu wanaodai malipo ya ajali. Aliketi hapo dakika arobaini kati ya mwanamume mwenye plasta mguuni na mama aliyeshika faili. Hakusema kwamba binti yake ni mfanyakazi hapo. Kui alipotoka na kumkuta pale, alishtuka.

"Mum! Kwa nini hukusema uko hapa? Unakaa na wateja?"

"Nimekaa na watu tu. Twende nje."

Walipata nafasi kwenye bustani, kando ya mhubiri aliyekuwa akipaza sauti kwa watu waliolala kwenye nyasi. Kui alifungua chakula chake cha mchana na asikile.

"Fundi amenipigia," alisema. "Ameniambia."

"Nataka kusikia kutoka kwako."

"Nilikuwa na miaka kumi na moja. Dad alisema ni kazi yangu. Wageni wakiwa wanakuja, saa moja kabla, naenda stoo nawasha. Wakiingia nazima, ndio mita ya umeme isionekane ikizunguka mbio. Siku zingine Dad alikuwa anawasha mwenyewe alfajiri, hadi koili ikaungua. Alikuwa ananinunulia biskuti." Alifunga tena mkebe wa chakula. "Mum, nilidhani unajua."

"Ungejuaje kuwa najua? Uliwahi kuniona huko stoo?"

"Lakini wewe ndiye ulikuwa unawaambia watu. Ulikuwa unaisimulia vizuri kuliko Dad. Nilipokuwa mkubwa nikaona ni mambo yenu wawili, siwezi kuingilia. Kila mtu alidhani unajua."

Wangu alirudia maneno hayo taratibu, kama mtu anayesoma barua ya lugha ngeni. "Kila mtu alidhani najua."

"Mum, ni hadithi ya zamani. Iache. Nitanunua mabati, paa litengenezwe, yaishe."

"Paa litatengenezwa," Wangu alisema, akisimama. "Rudi kazini, utachelewa. Na huko mapokezi waambie mama yako si mtu wa ajali."

*

Nyumbani kwa Wangeci hakukuwa na geti, kulikuwa na ua wa miti na pengo. Wangu alimkuta ameinama juu ya kitalu chake cha sukuma wiki. Kitalu kilifunikwa kwa vioo viwili vikubwa vyenye fremu za bati, na Wangu alivitambua kabla hajafika karibu. Wangeci alikuwa ameteremsha mtambo wake mwenyewe miaka mingi iliyopita. Kioo kililinda miche isipigwe na baridi. Tangi lilitumika kunyweshea nguruwe.

"Umepotea?" Wangeci aliuliza bila kuinuka.

"Nimekuja kwako."

"Karibu basi."

Hakumkaribisha ndani. Wangu alisema aliyokuja kusema akiwa amesimama kati ya matuta, mkoba mkononi. Alieleza juu ya vifuniko, waya, swichi, mtoto aliyetumwa. Hakumtetea mumewe na hakumtukana. Wangeci aliendelea kung'oa magugu hadi alipofika mwisho wa tuta, ndipo akanyooka, mkono kiunoni.

"Mimi nilijua kitambo," alisema. "Fundi aliyekuja kutazama yangu ndiye aliyefunga yenu. Aliniambia kila kitu."

"Na hukuniuliza?"

"Nikuulize nini? Mtu amenishika mkono akauweka kwa maji, halafu nimuulize kama alijua? Nilikuwa nangoja uje useme. Mwaka wa kwanza nikangoja. Wa pili nikangoja. Mume wangu akafa, ukaja matangani na sufuria ya wali, nikasema leo atasema. Hukusema."

"Sikuwa na la kusema, Wangeci. Sikujua. Haki ya Mungu sikujua."

Wangeci alimtazama usoni, akamchunguza kama anavyochunguza mtu pesa anazoshuku ni bandia. Kisha akakaa chini pale pale kwenye udongo, miguu imenyooka mbele.

"Ungeniambia ulijua, ingekuwa rahisi," alisema. "Ningekusamehe, nikamaliza. Sasa nimemkasirikia mtu bure miaka kumi na tano. Hiyo nitaifanyia nini?"

Wangu aliuweka mkoba chini. Aliketi naye chini, bila kujali sketi yake.

"Na yeye yuko wapi?" Wangeci aliuliza baadaye. "Umekuja wewe. Mwenye maneno yuko wapi?"

*

Wangu alimpelekea Gerishon swali hilo kama lilivyokuwa, pamoja na chakula cha jioni, jua likiwa bado juu ya miti.

"Zimebaki tano juu ya mapaa ya watu," aliongeza. "Zinavuja kama yetu. Utaziteremsha."

"Watanicheka."

"Watakucheka."

"Mimi ni mzee wa kanisa, Mama Kui."

"Wacha kwanza uwe mzee wa hapa mtaani."

Jumamosi hiyo Shem alikuja na ngazi, na Gerishon akatoka naye, amevaa kofia na koti kuukuu. Alikuwa ameahidi kulipa kazi kutoka pensheni yake na kuwaachia wenye nyumba shaba yote, maana vyuma chakavu vilikuwa na bei. Kwenye nyumba ya kwanza walingojeshwa nje hadi mwenyewe amalize kunyoa ndevu. Kwenye ya pili mama mmoja alicheka hadi akashika mlango, akawaita binti zake waje wamwone mzee wa jua, kisha akawapikia chai. Kwenye ya tatu na ya nne walilipokea jambo hilo kimya, na kimya ndicho kilichomchosha Gerishon zaidi. Kwenye kila mlango alianza na maneno yale yale: kwamba kampuni ilimdanganya, kwamba hata yeye alipata hasara. Shem, akiwa na ngazi begani, aliyasikia mara nne.

Nyumba ya tano ilikuwa ya Njuguna. Alikuja getini amevaa kandambili, akamtazama Gerishon, akatazama ngazi.

"Hazitoki," alisema.

"Njuguna, mbao zimeoza. Hata kutoka barabarani naona. Zitakuangukia."

"Zikiniangukia, watu watauliza ni nini kilimwangukia Njuguna, na wataambiwa."

"Kampuni ilitudanganya sote. Hata mimi nilipata—"

"Mimi sikujinunulia," Njuguna alimkatiza. "Nilimnunulia mama yangu. Mifupa ilikuwa inamuuma, maji baridi yalikuwa yanamliza kama mtoto. Nikamwambia ngoja, tutakuogesha na jua. Alingoja kutoka Januari. Julai tukamzika. Kila nikija kwako unaniambia, yangu inafanya kazi, uliza Mama Kui. Nikarudi nyumbani nikijiona mjinga, kwamba ni mimi sijui kuitumia."

Gerishon alivua kofia. Watu wawili waliokuwa wakipita na mitungi ya maji walipunguza mwendo.

"Yangu haikufanya kazi," alisema.

"Sema tena."

"Haikufanya kazi hata siku moja. Ilikuwa umeme. Nilijua, nikakuuzia."

"Mke wangu yuko jikoni. Hasikii vizuri."

Gerishon alilisema kwa sauti, sauti yake ya kanisani, na likasikika hadi kwenye duka la kona. Shem aliinamisha kichwa akajifanya kukaza kamba ya ngazi. Njuguna aligeukia upande wa jikoni, kana kwamba anahakikisha limefika lilipopaswa kufika.

"Sasa umesema," alisema. "Lakini hazitoki." Akafunga geti.

*

Mwezi wa nne ulikuja na mvua ya siku sita mfululizo. Barabara ya Waithaka ikawa matope matupu, na mabati mapya aliyonunua Kui yakakaa vizuri bila kupitisha tone. Kanisani, Wangeci aliendelea kuketi nyuma karibu na mlango. Jumapili ya pili Wangu alichukua Biblia yake akaenda kuketi huko nyuma. Wangeci alisogea kidogo kumpa nafasi, bila kugeuza kichwa.

Asubuhi ya siku ya saba tangu mvua hiyo ianze, mvua ikiwa imepungua hadi manyunyu, Njuguna alisimama nje ya geti la Gerishon. Hakuingia. Wangu alitoka na leso kichwani.

"Mwambie mzee wako aje na ngazi," Njuguna alisema. "Na aje mwenyewe. Si fundi peke yake."

"Ana miaka sitini na saba, Baba. Hawezi kupanda."

"Sijasema apande. Ashike ngazi."

Shem aliitwa, akafika kabla ya saa sita. Akapanda peke yake, kwa sababu Were alikuwa amepata kibarua huko kwenye maduka ya Adams. Gerishon alishika ngazi chini kwa mikono miwili, manyunyu yakimwingia shingoni, miwani imejaa maji asiweze kuona kitu. Njuguna alisimama chini ya upenu, mikono nyuma, akitazama. Maji yalikuwa yameingia nyumbani mwake kwa upande wa jikoni, na godoro la mkewe lilikuwa limeegemezwa ukutani likauke.

Tangi lilishuka salama. Paneli ya kwanza ilishuka. Ya pili ilikuwa imejaa maji ndani ya fremu, nzito kuliko alivyokadiria Shem, na kamba ikaanza kumteleza. Alipiga kelele. Gerishon aliacha ngazi akanyoosha mikono kuipokea, akaishika pembe moja, na ya pili ikaanza kuinama. Njuguna alitoka chini ya upenu na kandambili zake kwenye matope, akaikamata pembe ya pili.

Walisimama hivyo, wazee wawili na kioo katikati yao, wakihema.

"Asante," Gerishon alisema.

"Sijasema tumepatana," Njuguna alisema. "Shika upande wako vizuri. Twende polepole."